Sime Niliyoizeesha

Nilipokuwa karani mdogo wa mizigo stesheni ya Voi, na ndoto nyingi kuliko mashati, nilifahamiana na Mzungu mmoja mpima barabara aliyekusanya panga za vita. Ukuta wa sebule yake ulijaa. Alinionyesha jambia la Waarabu, upanga mnyoofu wa Sudani, na mwingine wa Uhabeshi uliopinda kama mundu, akinieleza upi ni wa kuchoma, upi wa kukata ukiwa juu ya farasi. Nilisikiliza mdomo wazi. Alikuwa akitafuta kijana wa kuzunguka naye kutafuta nyingine, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika Uhabeshi.

"Sime ya Kitaita sina," alisema. "Niletee."

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mhunzi kule Chawia. Aliposikia Mzungu anataka sime, alicheka hadi akakaa chini. Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumwomba sime. Alichukua springi ya lori bovu, akaifua siku sita, akaisugua kwa mchanga na nyuzi za mkonge hata ukaweza kuona meno yako ndani yake. Karibu na mpini akagonga alama yake, vidoti vitatu.

"Mwambie huyo bwana mkono huu bado upo," akaniambia.

Lakini mimi nilijua Mzungu anapenda vya kale. Nikaizika sime nyuma ya chumba changu mtaa wa Kaloleni, palepale Voi, nikawa naimwagia maji ya chumvi ishike kutu. Vile vidoti nikavifuta kwa tupa. Na nilikuwa napiga mbinja, Mungu anisamehe.

Siku ya kuipeleka, mjomba akateremka mlimani bila taarifa, amevaa koti lake la kanisani. Alitaka amwone Mzungu akiishika. Sime niliifunga ndani ya gunia, kwa hiyo hakuiona mpaka ilipofunguliwa mbele yetu sote.

"Ilikuwa ya nani hii?" Mzungu akauliza. Kiswahili alikijua vizuri.

"Ya babu wa babu yangu."

Mjomba aliinamisha kichwa, akatazama pale palipokuwa na alama.

"Na huyu mzee?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi kabisa.

"Amenibebea mzigo tu, bwana."

Mzungu akaigeuza kwenye mwanga. "Wahunzi wa leo hawawezi kazi hii. Si kweli, mzee?"

"Kweli, bwana," mjomba akajibu. "Wale walijua."

Tulitembea hadi kwenye malori. Alipokwisha kupanda ndipo akaniinamia. "Mjomba, huyo aliyeifua, alikufa lini?"

Utingo akacheka, akidhani ni mzaha.

Siku tatu sikula vizuri. Nikarudi kwa Mzungu, nikamweleza yote. Aliitoa ukutani, akanipa. "Kama ni mpya, sina haja nayo. Na wewe pia sina haja nawe."

Jumapili nikapanda Chawia. Nilimnyooshea mjomba sime kwa mikono miwili, nikasema nimekosa. Hakuipokea.

"Mimi hiyo siijui," akasema, akaendelea kunyoosha bawaba ya mlango wa mtu. "Ya babu wa babu yako. Kaa nayo."

Wakati wa kuondoka, mkewe akanifungia ndizi za kupika, kama siku zote, akaniambia nimekonda. Nilizigawa zote kwa majirani Kaloleni.