Kamba ya Kaki

Mnisamehe mwandiko huu mbaya na maneno niliyoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na ninaandika polepole.

Juzi pale Clairwood pikapu ilisimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu. Nyuma alilala mbwa juu ya blanketi, bakuli lake pembeni. Nikamkumbuka mbwa wetu, Kaki.

Nilipokuwa mtoto, Baba alitupeleka milimani wikendi moja, mimi na Kaki. Mimi nilibeba shati moja. Kaki alibebewa blanketi, bakuli na gunia zima la chakula, nikadhani Baba anampenda kuliko mimi. Sikujua kwamba mwenye jengo tulilopanga South Beach alikuwa amekataa mbwa.

Tulifikia kwa rafiki yake Baba, mchunga ng'ombe. Kulinukia moshi wa kuni na majani yaliyolowa. Kaki alibweka, milima ikamjibu, akabweka tena. Jumapili alasiri Baba alishika kamba, lakini Kaki akamkwepa.

"Eish, huyu anakusikia wewe tu, mwanangu. Mwite."

Nilijiona mkubwa. Nikamwita, akaja mbio, akanilamba mkono. Baba akamfunga kwenye uzio.

"Baba, tunamwacha?"

"Panda gari. Atakuja nyuma, na gari la rafiki yangu."

Nilitazama nyuma njia nzima. Rafiki yake hakuwa na gari. Alikuwa na farasi.

Ninyi mnaofuga mbwa, naomba mniandikie. Mbwa humkumbuka aliyemfunga, au aliyemwita?