Gombo Mgongoni mwa Mama

Nikipita kwa fundi viatu na kusikia harufu ya ngozi kavu, narudi ile asubuhi tulipoukimbia mji wetu wa Baraka.

Sinagogi yetu ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya soko. Gombo la Torati, la ngozi, tuliachiwa na Myahudi mwenye duka, zamani za babu. Risasi zilipokaribia, baba alizika vinara vya fedha chini ya sakafu. Mama alilifunga gombo kwa kitenge, akalibeba mgongoni kama mtoto, tukashika njia ya Lulimba.

Kwenye barieri, kizuizi cha njiani, watu wenye bunduki walikuwa wanapekua mizigo na kuchoma wasivyovitaka. Mmoja akanyoosha mkono kwenye kitenge.

"Onyesha huyo mutoto."

"Iko na surua," mama akasema.

Mkono ukasimama hapo hapo. Akanigeukia mimi.

"Jina yake nani?"

Nikajibu, "Musa."

"Mungu amuponyeshe Musa. Mupite."

Hatukugeuka nyuma mpaka barieri ikapotea. Mama akakaa chini, akalifungua gombo mgongoni, akaniwekea mikononi. Hakuna msichana aliyewahi kuruhusiwa kuligusa.

"Shika muzuri," akasema. "Usimuangushe ndugu yako."