Kamera Iliyokuwa Ikijifunga

Mama yangu alisomesha madarasa ya chini miaka mingi, na alipostaafu akabakiwa na wanafunzi wawili tu, watoto wa dada yangu wanaoishi Maskati. Kila siku baada ya sala ya alasiri alifungua kompyuta nyumbani kwetu mjini, Mkunazini, akavaa miwani, akawasikiliza wakisoma Kurani.

Mwaka jana, muda mfupi baada ya Idi, watoto wakaanza kulalamika, "Bibi, hatukuoni!" Kivinjari kilikuwa kimezuia kamera na maikrofoni. Mimi nafanya kazi Bwejuu, mbali na mjini, kwa hiyo nikamwelekeza kwa simu: gusa alama iliyo juu kando ya anwani, kwenye kamera chagua "Ruhusu", na maikrofoni vilevile. Ikakubali. Kesho yake akanipigia tena.

"Nshairuhusu jana, mwanangu. Leo imekataa."

"Labda umebonyeza 'Zuia', mama."

"Mimi? Sikubonyeza."

Wiki ya tatu nikawa namjibu kwa mkato. Dada naye akanambia kwamba huenda mama ameanza kusahau, maana bibi yetu alianza hivyo hivyo, kwa funguo na majina ya watu. Tukakubaliana nimpeleke hospitali. Kibaya zaidi, mama mwenyewe akaanza kuamini. Siku moja nilimuuliza kwenye simu kama ameshakula. Akajibu, "Ngoja nikaangalie sahani."

Ijumaa iliyofuata nikaja mjini kumpeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za njiani. Alinipa daftari.

Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, siku moja mstari mmoja, kama alivyokuwa akiandika mahudhurio. Jumatatu: nimeruhusu, nimesoma mara mbili kabla ya kufunga. Jumanne: imeuliza tena, nimeruhusu. Jumatano: imeuliza tena. Kurasa mbili nzima. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo: Au ni mimi?

Nikakaa kwenye kiti chake, nikairuhusu kamera, nikafunga kivinjari, nikakifungua. Ruhusa haipo. Nikarudia. Haipo. Nikaanza kupekua kompyuta mpaka nikaikuta programu ya kusafisha, na ndani yake tiki kwenye mstari uliosema ifute ruhusa zote za tovuti kila kivinjari kinapofungwa.

Programu ile niliijua. Niliiweka mimi, nilipokuja kula Idi na kumkuta anasumbuliwa na matangazo ya ovyo. Nilitia tiki kila mahali nikidhani namlinda, nikarudi zangu Bwejuu, na wala sikuikumbuka tena.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamweleza polepole, nikimwonesha kwa kidole. Akausoma ule mstari mara mbili.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau hata siku moja. Niliyesahau ni mimi. Nisamehe, mama."

Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akaniacha niinamie begani kwake.

"Mwezi mzima sijakwenda sokoni Darajani peke yangu," akasema. "Nilikuwa nachelea kupotea."

Mama amezaliwa mjini humu.

Nikaondoa ile tiki, tukajaribu pamoja, kufunga na kufungua mara tano, na kila mara kamera ikawaka bila kuuliza. Alasiri watoto wakamwona. Mdogo alisoma haraka haraka, mama akamrudisha nyuma kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia siku nyingi, na dada yangu, ambaye nilikuwa nshampigia kumweleza, akapita nyuma ya watoto akijifuta macho.

Jumamosi asubuhi mama alivaa buibui, akachukua kikapu.

"Nikusindikize?" nikauliza.

"Kwenda wapi? Sokoni?" Akacheka. "Wewe bandika maji ya wali."

Nikamsikia akishuka ngazi, akimsalimia jirani mlangoni. Nikenda jikoni kubandika maji.