Mshale Ulioishia Mlangoni mwa Kanisa

Hata leo naikumbuka siku niliyouchora mfongo wetu wa Masama, ule mfereji unaotuletea maji mashambani. Mwanangu, wakati huo kompyuta ndiyo kwanza zinaingia maofisini Moshi, nami, na elimu yangu ya darasa la saba, nikajiunga na kozi fupi ya kuchora mifumo ya habari. Mwalimu Zarina akatuagiza tuchore shughuli moja ya kwetu kijijini kwa maduara na mishale. Nikachora maji yanavyoshuka toka msituni. Hata migomba niliiweka.

"Kaka, umenichorea maji," akasema mwalimu. "Mimi nataka habari. Zamu ya maji ikifika, nani anamwambia nani?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Jumamosi nikarudi nyumbani kuchora upya. Siku hizo Mama Anasia, jirani yetu mjane, alikuwa hasalimiani na mtu. Zamu zilimpita, magimbi yake yanakauka, na ameapa kubomoa ukingo wa mfongo. Watu walisema ni mvivu, haji kufungua maji. Yeye alisema anaonewa kwa ujane wake.

Nikampelekea karatasi Mzee Ndekirwa, mwenyekiti wa mfongo.

"Shikamoo, baba. Hili duara ndiyo kazi yako, kutangaza zamu."

"Marahaba. Mbona umeninenepesha hivi?" Akacheka. "Natangaza nje ya kanisa letu Katoliki, misa ikiisha."

Nikavuta mishale kwenda kila nyumba. Mshale wa Mama Anasia ukaishia mlangoni mwa kanisa. Yeye husali kwa Walutheri. Aliyekuwa akimletea habari ni mumewe, Mkatoliki mwenzetu, naye tulishamzika.

Mzee akaufuata mshale ule kwa kidole. "Nilidhani ninyi majirani mnamwambia."

Na sisi, niseme haki, tulidhani mzee ndiye anayemwambia.

Mzee hakungoja Jumapili. Tukaenda naye kwa Mama Anasia saa ile ile.

"Mama Anasia, kesho asubuhi maji ni yako," akasema mzee.

"Leo ndiyo mmejua nipo?"

"Hatukukukataa, mama. Habari ndiyo haikukufikia. Kuanzia leo nitakuja mwenyewe kukuambia."

Akaingia ndani kutafuta jembe la kufungulia maji.

Wewe umesoma kunipita, sijui kama nina la kukufundisha. Ila ukichora mfumo wowote, fuata habari hadi kwa mtu wa mwisho, umuulize kama imemfika. Na kabla hujamwita mtu mvivu au mbaya, fanya hivyo hivyo. Mungu akujalie majirani wa kukuambia mapema, na wewe usichoke kubisha hodi kwao.