Chombo Chenye Laini Yake

Kabla macho yangu hayajazoea giza la duka, nilisikia mwanamke akisema, "Geuka kushoto." Umeme ulikuwa umekatika Mlandege nzima. Sauti ilitoka kwenye chombo cha kuonyesha njia juu ya kaunta, Kiswahili safi kisicho na kwao, na mwenye duka akacheka alipoona nimegeuka kweli.

Nilikuwa na shangazi yangu, mkosha maiti. Mwanamke akifariki, jamaa humwita yeye, naye hufika na mkoba wake wa kafuri, pamba na majani ya mkunazi, akiendesha mwenyewe kigari chake kutoka Malindi. Mjini hapotei. Lakini Chukwani, palipokuwa na pori, pameota kuta na vichochoro visivyo na majina, na mara mbili alichelewa huku maiti akimngoja. Simu yake ilikuwa na ramani, ila wafiwa hawaachi kupiga, "Umefika wapi, Bi?", na kila ikilia ramani hutoweka. Ndipo nikasema tununue chombo cha peke yake, cha kubandika kwenye kioo cha gari.

Tena tulikuwa na haraka. Shangazi na rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani waliahidiana: atakayebaki amkoshe mwenziwe. Rafiki huyo alikuwa ametolewa hospitali wiki ile ile, hana tamaa tena ya kupona, na mwanawe amempeleka moja kwa moja nyumba yake mpya ya Chukwani, ambayo shangazi alikuwa hajaijua.

Mwenye duka alitoa viwili. Kimoja kidogo, ramani yake imo ndani tangu kiwandani. Cha pili kina laini yake ya mtandao: kinajua njia zilizofunguliwa juzi, na mtu akikutumia kwenye simu mahali alipo, unakirushia, nacho kinakupeleka mpaka miguuni pake.

"Na nikikosa njia, kitanisema?" shangazi aliuliza.

"Hakikusemi, Bi mkubwa. Kinakutafutia njia nyengine."

"Basi kina adabu kuliko marehemu mume wangu." Alikishika kile kidogo. "Hichi chanitosha. Kilobaki ntauliza watu."

"Watu ndio wanaokupoteza, shangazi," nikasema, nikachagua chenye laini.

Siku chache baadaye, asubuhi, mwana wa rafiki yake alipiga. "Mama ametutoka, Bi. Tunazika adhuhuri. Ntakutumia mahali."

Mahali pakaja baadaye kidogo, tukiwa tushavaa mabuibui. Nikakirushia chombo. Kisha nikaizima sauti ya simu ya shangazi, nikaitia ndani kabisa ya mkoba. "Leo hapana wa kukubabaisha," nikamwambia.

Tukaondoka, yeye akiendesha. Chukwani, kabla hatujaiacha barabara kubwa, akapunguza mwendo. Uchochoroni kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na wanawake wawili wakiingia mlangoni.

"Si pale?"

"Bado, shangazi. Kifuate tu."

Akanitazama, kisha akakifuata. Kulia, kushoto, kulia tena, vumbi, ukuta, shamba la mihogo. "Umefika," kikasema.

Wanaume walikuwa wamezama kiunoni ndani ya ardhi, wanachimba. Wakatutazama. Mwana wa marehemu akaja mbio, mikono imejaa udongo.

"Bi, mbona huku? Wanawake wanakungoja nyumbani!"

Wakati anatuma alikuwa ameshatoka na wenzake kuja kuchimba kaburi la mama yake. Alibonyeza pale aliposimama, hakuwaza. Nani angewaza? Na mimi ningejuaje kwamba chombo kile kitamleta mwanamke makaburini kabla ya maiti?

Tulirudi kwenye lile turubai. Nilipoitoa simu mkobani, kioo chake kilikuwa kimejaa majina ya waliopiga.

"Tumekupigia mpaka tumechoka, Bi," jirani alisema mlangoni, mikono yake bado ina maji. "Sala imekaribia. Nimemkosha mie. Unisamehe."

"Umefanya vyema, mwanangu. Mungu akulipe."

Rafiki yake alikuwa ameshavishwa sanda na kufungwa, uso na vyote. Shangazi aliketi karibu naye na mkoba mapajani, haujafunguliwa. Nilingoja anitukane. Ningeyapokea matusi yake kama dawa. Alipapasa sanda mahali penye kichwa, akalinyoosha tu fundo ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

"Nlimwahidi," alisema mwisho, wala si kwangu.

Nimeshajaribu kuikumbuka siku ile kwa namna itakayonipunguzia lawama, na sijaipata.

Wanaume wakaingia, wakasema wanalolisema, wakamweka kwenye jeneza, wakaliinua. Shangazi alinyanyuka nao, akalifuata mpaka kizingitini, na pale akasimama, kwani wanawake hawaendi mbele ya hapo. Jeneza likateremka ngazi. Sauti za dhikri zikapinda uchochoro. Jirani akanyoosha mkono juu ya bega la shangazi, akaufunga mlango.