Jembe la Kwanza la Mheshimiwa

Kwetu Masisi, mtu akikuita mlime shamba lililolala, yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza. Akishapiga, amejifunga. Mvua ikikataa, mtalala njaa pamoja; vita vikija, vitamkuta naye palepale. Hata walevi wa Kitshanga hawachezi na jambo hilo.

Basi akaja mheshimiwa mmoja kwenye kambi yetu ya wakimbizi wa vita, na kamera zake. Alisimama juu ya benchi la kanisa akasema kijiji chetu cha Kirolirwe kiko salama, turudi tukalime. Hakuna aliyeinuka kufungasha. Ahadi tulikuwa tumekula mpaka zinatutoka puani. Ndipo akaomba jembe. Mama yangu, aliyelala na jembe lake kando ya mkeka tangu siku tuliyokimbia, akampa kwa mikono miwili. Mheshimiwa akavua koti, akapiga udongo wa kambi mara moja, akapigwa picha. Mlinzi wake akalipangusa jembe, akamrudishia mama.

Jioni nilimwambia, "Mama, ule ni muntu wa politiki. Wanasemaka tu."

"Nyamaza, mutoto. Maneno iko ya mudomo. Lakini jembe alipiga, niliona na macho yangu."

"Na yeye atalima wapi? Si amesharudi Goma na jeep yake!"

"Atakuja. Muntu hawezi piga jembe ya kwanza bure."

Mama akaenda, na jembe lake na mbegu zake za maharage. Nililia, nikamshika kitenge, wapi! Maharage hayajatoa hata maua, risasi zikarudi Kirolirwe. Waliokimbia ndio walioniletea habari: walimzika mama kando ya shamba, harakaharaka, bila msalaba. Ee Mungu wangu.

Baadaye tulimsikia mheshimiwa kwenye redio ya jirani yangu, mwalimu wa zamani. Aliulizwa kuhusu waliorudi. Akajibu kwa sauti ya upole, "Ile ilikuwa alama tu. Sikulazimisha muntu."

Mwalimu akasema tusimhukumu haraka, labda naye alidanganywa na wakubwa wake. Nilimfokea: asiyejua si anyamaze? Na kama hakujua, kwa nini aliapa?

"Dada," akasema, "kwako ilikuwa kiapo. Kwake ilikuwa picha."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo mtupu! Ya huyu ilimfikisha Goma salama. Iliyokuwa fupi ni ya mama yangu. Tangu hapo redio ikianza hotuba, ninatoka nje, hata mvua ikinyesha. Sina tena hamu ya kupima nani amesema kweli.

Juzi vijana wake walipita kwenye mahema yetu. Mheshimiwa anakuja tena, wanatafuta jembe la kuazima. Majirani wote wakanitazama mimi.

Nikawaambia sina. Na ni kweli sina, limebaki Kirolirwe. Lakini kabla hawajaondoka, mama mmoja mzee wa hema la pili akatoka na lake, amelibeba kwa mikono miwili.