Mdomo wa Ninja

Mtafsiri wa ukumbi wa video alipenda filamu za ninja za miaka ya themanini kuliko zote, na mama wa mlangoni, aliyekata tiketi pale miaka tisa, alijua kwa nini: ninja amefunikwa mdomo, kwa hiyo neno lolote utakalomtilia linamkaa. Lugha ya filamu zenyewe mtafsiri hakuijua hata ya kuombea maji. Aliketi kando ya skrini, kipaza sauti kikigusa ndevu, kidole kikipigapiga goti kila upanga ulipochomolewa, na kwa sauti ya kukwaruza akalipiza kisasi cha baba, cha mwalimu, cha kijiji kizima.

Jumamosi moja mchana akaingia dereva aliyemgonga dada wa mtafsiri na kukimbia. Mtaa mzima ulimjua, isipokuwa polisi. Akaketi mstari wa mbele, asijue mwenye kipaza sauti ni ndugu wa nani. Mama wa mlangoni akaona kile kidole kimetulia gotini. Filamu ikaenda hadi ninja akamwekea adui upanga shingoni, pale ambapo watazamaji huitikia maneno kwa pamoja, na mtafsiri akanyamaza.

"Sema basi, kaka," mtu akanong'ona.

"Dada yangu anakusalimu," ninja akasema taratibu, bila kukwaruza. "Siku hizi anatembelea magongo. Anauliza kama ulifika salama huko ulikokuwa unakimbilia."

Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama ninja. Dereva peke yake ndiye aliyegeuka kumtazama mtafsiri.